Lita sita kasoro mkiani: kisa cha ndege iliyolala nje masika yote Tabora

Mzee alikuwa ameushika mkia wa ndege kwa mikono miwili, anautikisa polepole kama mtu anayetikisa nazi sokoni kusikia kama bado ina maji. "Njoo usikie mwenyewe, Fundi." Nikainama, nikaweka sikio kwenye bati. Yalikuwemo. Si matone, bali maji yanayotembea: yanagonga upande huu, yanarudi, yanagonga upande ule.

Tulifungua kifuniko kidogo cha ukaguzi kilicho chini ya mkia, tukatega ndoo. Yakatoka maji ya rangi ya chai ya maziwa, pamoja na mabawa ya kumbikumbi na majani makavu ya mwembe. Tuliyapima kwa jagi la plastiki lenye mistari: lita 5.8. Mvua zilikuwa na wiki mbili tu tangu zianze.

Mimi ni fundi bodi hapa Tabora. Kazi yangu ni mabasi na malori: kunyoosha bati, kuziba paa linalovuja, kubadilisha mipira ya vioo. Mzee aliniita kwa sababu hiyo, akiamini aliyeweza kukausha basi ataweza kukausha ndege. Ilituchukua karibu miezi mitatu, na wiki saba za mwanzo tulikuwa tunaiharibu zaidi kwa kila tulichofanya. Naeleza kisa chote pamoja na makosa yangu, kwa sababu nimeona vyombo vingine vya bati vinavyolala nje, boti, karavani, hata trela, vikifanyiwa hivyo hivyo na watu wenye nia njema.

Ndege na mahali ilipolala

Ni ndege ya viti viwili, bawa juu ya kichwa, mwili wote wa bati la alumini lililoungwa kwa ribiti, vile vipini vya chuma vinavyobana bati mbili pamoja. Mzee, mhandisi mstaafu, aliiunga mwenyewe nyumbani kwa miaka tisa kutokana na vipande vilivyofika ndani ya masanduku ya mbao. Injini ni Rotax 912 ya nguvu za farasi 80, inayokubali petroli ya sheli. Huku kwetu jambo hili ni geni, lakini Marekani waundaji wa ndege za nyumbani wana chama chao tangu mwaka 1953, na mkutano wao mkubwa ulihamia Oshkosh, jimbo la Wisconsin, mwaka 1970. Ni ufundi wenye kanuni zake na wakaguzi wake.

Jambo la kukumbuka kuhusu ndege hii ni gurudumu lake la tatu: liko mkiani, si puani. Ikiegeshwa inakaa kama mbwa aliyeketi, pua juu, mkia chini. Tone linaloingia popote, iwe kwenye kioo cha mbele au mlangoni, safari yake inaishia sehemu moja.

Inalala pembeni mwa kiwanja cha udongo, kwenye shamba nje ya mji, upande wa barabara ya Sikonge. Watu wengi waliuliza kwa nini Mzee hajengi banda. Ardhi ni ya kuazima, na mwenye shamba hakutaka jengo la kudumu. Banda la nguzo za kuungaunga Mzee mwenyewe alilikataa: upepo unaotangulia mvua za kwanza, baada ya joto la Oktoba, hung'oa mabati ya nyumba za watu, na banda likiiangukia ndege, maji yatakuwa jambo dogo.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Mgongo wa ndege hii, kuanzia kioo hadi mkia, una kama mita 5 za mraba, kwa hiyo mvua moja nzito ya milimita 40 humwaga juu yake lita 200. Zikipenya 3 tu katika kila 100, umepata lita 6. Hesabu hiyo Mzee aliiandika kwa chaki kwenye boneti ya injini siku ile ya kwanza, nasi tukaisoma vibaya. Tuliona kazi yote ni kuzipata hizo 3 na kuzizuia.

Uzito wa maji mahali pasipo pake

Kwenye basi, lita 6 za maji chini ya sakafu ni uchafu tu. Kwenye ndege ndogo ni hatari, na nilipoelezwa hesabu yake ndipo nilipoelewa kwa nini Mzee alikuwa halali.

Lita 5.8 ni kilo 5.8. Mkia uko mita 3.6 nyuma ya kitovu cha uzito wa ndege, yaani pale uzito wa mbele na wa nyuma unapolingana. Zidisha, unapata karibu 21. Gawa kwa uzito wote ikiwa tayari kuruka na rubani wake, karibu kilo 406 ukijumlisha na maji, na kitovu cha uzito kimerudi nyuma sentimita 5. Nafasi yote ambayo kitovu hicho kinaruhusiwa kuhama kwenye ndege hii ni sentimita 22. Karibu robo ya nafasi ile imeliwa na maji ambayo hakuna aliyeyaandika popote.

Tena maji si gunia la mahindi. Gunia ukilifunga linatulia. Maji, pua ikipanda, yanakimbilia nyuma na kuizidisha kupanda. Ndege yenye mkia mzito hupoteza utulivu wake, na ikifika mahali bawa linaacha kubeba, inaweza kugoma kushusha pua ili ipate mwendo tena. Mbali na hayo, kuna maji yanayoingia ndani ya vibawa vya mkia vinavyopanda na kushuka. Hivyo vimepimwa mlingano wake kwa gramu. Glasi moja ya maji kwenye ukingo wa nyuma inatosha kuviharibia mlingano, na kibawa kisicho na mlingano kinaweza kuanza kupapatika hewani hadi kikang'oka.

Mzee aliifunga ndege ardhini siku ile ile. Alisema hairuki hadi tujue maji yanaingia wapi na yanatoka wapi. Sehemu ya pili ya sentensi yake sikuitilia maanani.

Wiki saba za kuziba

Nilifanya ninachofanya kwenye mabasi. Nilinunua silikoni dukani, ile inayonuka siki, nikapita kila mahali bati linapokutana na bati: mgongo wote, mzunguko wa kioo, maungio ya bawa na mwili, chini ya mkia. Jumamosi ya kwanza tulipofungua kifuniko yalitoka lita 1.9 tu. Tulishangilia. Jumamosi iliyofuata, 4.4. Nikaziba tena, safari hii hata chini ya tumbo, nikiamini maji yanarushwa na upepo kutoka kwenye nyasi.

Kisha tukanunua turubai kubwa la plastiki la bluu, tukaifunika ndege nzima kuanzia pua hadi mkia, tukafunga kwa kamba. Likaleta matatizo mawili mapya. La kwanza, kulikuwa na asubuhi tulizofunua na kukuta bati limelowa chepechepe wakati usiku haukunyesha. Unyevu wa ardhi na wa hewa ulipanda, ukakwama chini ya plastiki, ukageuka matone. La pili lilimuumiza Mzee kuliko maji. Vumbi liliingia chini ya turubai, upepo ukalisugua turubai kwenye kioo cha mbele usiku kucha, na asubuhi kulikuwa na ukungu wa mikwaruzo wa ukubwa wa kiganja, mbele kabisa ya macho ya rubani. Kioo hicho si kioo, ni akriliki, plastiki ngumu inayong'aa kama kioo. Nilishika kitambaa chenye petroli nikitaka kukifuta, na Mzee akanidaka mkono. Petroli na tina ya rangi huipasua akriliki nyufa nyembamba kama nywele ambazo hazitoki tena. Inaoshwa kwa maji mengi na sabuni laini, kwa kiganja, mkono ukiwa hauna pete.

Mwanzoni mwa Januari jagi lilisoma lita 7.2. Kila mwanya niliouona ulikuwa umezibwa, turubai lilikuwa juu, na maji yalikuwa mengi kuliko siku ya kwanza.

Glovu

Kijana anayelinda shamba alikuwa ameniambia jambo mapema Desemba. Alisema, "Kaka, mvua ikinyesha hii ndege haitoi hata tone. Jua likiwaka ndiyo inatoa maji mkiani." Nilimjibu kwamba ni maji ya juu ya bati yanayochuruzika. Alinyamaza kwa heshima, lakini nilipofika Januari nimekata tamaa aliyarudia maneno yale yale, safari hii mbele ya Mzee. Mzee akakaa kimya kidogo, kisha akaniomba glovu ya mpira, zile za hospitali.

Tulifungua kifuniko cha ukaguzi cha mkiani, tukavalisha glovu kwenye tundu, tukaizungushia tepu. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, turubai limeondolewa. Tukakaa chini ya mwembe. Baada ya robo saa vidole vya glovu vilianza kujaa. Kufika saa tano glovu ilikuwa imesimama, vidole vitano vimenyooka, kama mkono wa mtu anayetaka kuulizwa swali darasani. Mzee akamwambia kijana achukue mpira wa maji kutoka kwenye simtanki aimwagie ndege mgongoni. Haikufika dakika mbili. Vidole vililegea, vikaning'inia, kisha glovu nzima ikanyonywa ndani ya tundu ikapotea machoni.

Sijasahau sura ya Mzee wakati ule. Alieleza kwa sauti ya chini kama anajieleza mwenyewe. Hewa ya digrii 55 ikipoa hadi 22 hupungua kama sehemu moja ya kumi. Ndani ya mwili wa ndege hii kuna zaidi ya lita 1,500 za hewa. Jua likiichoma, hewa inatanuka na kusukuma nje chochote kilicho mlangoni, yakiwemo maji. Wingu likija na mvua ya baridi ikapiga bati lililokuwa linaunguza, zaidi ya lita 100 za hewa zinahitaji kuingia kwa dakika chache, na zitaingia kwa tundu lolote litakalopatikana. Tundu nyingi za chini zilikuwa zimezibwa, baadhi kwa mkono wangu. Zilizobaki nyingi ni mianya midogo ya juu, ile ambayo hakuna macho yanayoiona, na wakati huo huo juu yake maji ya mvua yanatiririka. Ndege ilikuwa inanywa.

Methali ya ufa na ukuta nimeifanyia kazi miaka mingi na imenilisha. Kwenye ndege hii nyufa nilizoziba chini ndizo zilizokuwa milango ya kutokea.

Tulichokuta mkiani

Tuliondoa viti na kipande cha sakafu, tukafunga simu kwenye ufito ikirekodi video na tochi yake imewaka, tukaisukuma nyuma taratibu. Mwili wa ndege umegawanywa vyumba kwa fremu za bati, na ramani ya ujenzi inaonyesha tundu za kutolea maji chini ya kila chumba, 11 kwa jumla. Tulizihesabu moja moja. Tundu 2 zilikuwa wazi. 5 zilikuwa zimejazwa udongo mgumu, kazi ya nyigu wanaojenga kwa tope, ambao huku kwetu hawaachi hata tundu la kufuli. 4 zilikuwa zimezibwa na silikoni yangu.

Hata hizo 2 zilizokuwa wazi hazikusaidia sana, na hapa ndipo palikuwa na somo lililonifundisha kuangalia chombo kinavyokaa, si kinavyochorwa. Tundu zilitobolewa katikati ya kila chumba. Ndege ikiwa sawasawa hewani, katikati ndiko chini. Ikiwa imeketi kwa mkia, chini ni kwenye kona ya nyuma, pale sakafu inapokutana na fremu. Maji yanajikusanya pale hadi kina cha vidole viwili kabla hayajaifikia tundu.

Kwenye chumba cha mwisho, kando ya bolti mbili za chuma zinazoshika gurudumu la mkia, kulikuwa na unga mweupe kama chumvi ya mawe iliyosagwa. Alumini haioti kutu nyekundu. Inaoza kwa unga huo. Chuma na alumini vikikaa pamoja ndani ya maji, alumini ndiyo inayoliwa. Nilipoibandua silikoni iliyokuwa karibu, chini yake palikuwa pamechimbika vidoti vidoti. Silikoni ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo haina urafiki na alumini. Kwenye basi lenye rangi nene hutaona tofauti kwa miaka. Kwenye bati la ndege, ambalo ni jembamba kuliko sarafu, nilikuwa nimepaka ugonjwa kwa mkono wangu.

Mzee alinikumbusha ndege ya Aloha Airlines iliyopoteza sehemu kubwa ya paa lake angani huko Hawaii tarehe 28 Aprili 1988. Unyevu uliingia kati ya bati mbili zinazolaliana, gundi ikaachia, kutu ikafanya kazi yake, nyufa zikaanza kwenye ribiti. Mhudumu mmoja alipotea. Ilikuwa ndege kubwa iliyoruka maelfu kwa maelfu ya safari kwenye hewa ya bahari, si ndogo kama hii yetu, lakini mahali maji yanapojificha ni pale pale.

Kutafuta njia ya kuingilia, safari hii kwa utaratibu

Tuliponda chaki za shule, tukanyunyiza unga wake ndani kwenye sakafu, kwenye kingo za mlango na chini ya kioo. Kijana akashika mpira wa maji nje, mimi nikakaa ndani na tochi. Kanuni aliyoiweka Mzee ni moja: anza chini, dakika tano mahali pamoja, ndipo upande juu. Ukianza juu, maji yanachuruzika kila mahali na hutajua yaliingilia wapi. Maji yakipita juu ya unga wa chaki huacha mstari mweusi, na mstari huo unaufuata kinyumenyume hadi kwenye chanzo. (Chaki yote ifutwe kazi ikiisha, maana inashika unyevu.)

Njia kubwa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kitako cha antena mgongoni: kipande cha mpira kilicho chini yake kilikuwa kimekaushwa na jua kikapasuka, na maji yalikuwa yanashuka kwenye waya kama kwenye utambi. Ya pili ilikuwa mlango wa kulia, kwa juu. Huo tuliupima kwa karatasi: weka kipande cha gazeti kwenye ukingo, funga mlango, vuta. Likitoka bila kukaza, mpira hapo haugusi. Mlango wa kulia gazeti lilitoka lenyewe kwa urefu wa shubiri mbili.

Ya tatu haikuonekana hadi tulipobadili upande wa kumwagia maji. Bati za ndege zinalaliana kama bati za paa, la mbele likifunika la nyuma, ili upepo wa safari upite vizuri. Maji yakitoka mbele hayaingii. Yakisukumwa na upepo kutoka nyuma, yanapanda chini ya mlalo ule na kuingia. Na Mzee alikuwa ameiegesha ndege mkia ukitazama kule ambako dhoruba zetu nyingi za mchana zilikuwa zinatokea, kwa sababu tu hapo njia ya kuisukuma ilikuwa fupi.

Tulichobadilisha

Kabla ya kutoboa chochote Mzee alimwandikia mbunifu wa ndege hiyo, na tukasubiri siku tisa. Hili nalisisitiza kwa mafundi wenzangu: tundu kwenye bati la ndege si tundu kwenye bati la lori, ufa unaweza kuanzia hapo. Jibu lilikuja na mchoro: tundu za milimita 6 kwenye kona ya nyuma ya kila chumba, mbali na ribiti na mbali na mkunjo kwa kipimo alichokitaja, kingo zilainishwe na kupakwa praima, rangi ya kwanza ya kukinga bati. Tulitoboa kama ilivyoelekezwa, na mkaguzi akaziangalia na kuandika kwenye kitabu cha ndege. Zile za zamani tulizizibua kwa kijiti cha mianzi, si kwa msumari.

Silikoni yote niliibandua kwa kisu cha plastiki. Ilikuwa kazi ya siku sita, na ndiyo sehemu ya kisa hiki ninayoijutia. Unga mweupe niliusugua kwa pedi ya nailoni. Steeluulu isiguswe hapo, inaacha chembe za chuma ambazo nazo zinaanza kutu yake. Praima ikapakwa, bolti zikabadilishwa kwa zenye mipako, na ndani ya mkia tukapulizia mafuta mepesi ya kuzuia kutu yanayopenya kwenye maungio. Mahali pa kuziba pamebaki pachache: kitako cha antena, mzunguko wa kioo, mlalo wa juu wa bawa. Hapo nilitumia silikoni isiyo na asidi, ambayo hainuki siki.

Turubai la plastiki liliondoka. Mama mmoja anayeshona maturubai ya malori alitushonea kifuniko kipya cha turubai la pamba, linalopumua, cha kufunika vioo, milango na mgongo hadi nyuma kidogo ya antena, basi. Ndani yake upande wa kioo aliweka flaneli laini. Nilimwuliza kuhusu mishono, maana kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Akacheka, akatoa donge la nta ya nyuki mfukoni mwa aproni, akaupitisha uzi juu yake mara tatu kabla ya kushona. "Mwanangu, Tabora tunakosa nta?" Uzi uliopakwa nta unajaza tundu lake wenyewe. Nta huyeyuka kwenye digrii 62 hadi 64, kwa hiyo alichagua turubai jeupe lisilochemka sana juani.

Ndege tuliigeuza. Sasa pua inatazama dhoruba zinakotoka, na kwa kuwa pua hiyo iko juu na upepo unaweza kulibeba bawa, kamba za kufungia ni nene zaidi na vigingi vimezikwa ndani zaidi.

Petroli

Hili lingestahili kisa chake. Matangi yako ndani ya mabawa, vifuniko vyake vimelala juu, katika kibonde kidogo ambamo maji ya mvua hutuama. Tangi lenye lita 20 za hewa juani linapumua kama mwili wa ndege ulivyopumua, likitumia mrija mdogo wa hewa ulio chini ya bawa. Mrija wa kushoto ulikuwa umezibwa na nyigu. Kwa hiyo kila mvua ilipopiga bawa la moto, tangi lilivuta pumzi yake kupitia kifuniko, na oringi ya kifuniko, ile pete ya mpira ya kuziba, ilikuwa imekakamaa.

Tulipotoa petroli kidogo chini ya tangi kwenye chupa ya kioo, maji yalikaa chini kama shanga, yakiviringika kila ukiinamisha chupa. Tangi la kushoto lilitoa zaidi ya kikombe kimoja. Kuna mtego hapa. Chupa ikijaa maji matupu hutaona shanga wala mstari. Utaona kimiminika safi na utasema ni petroli. Nusa. Na ongeza petroli unayoijua kidogo uone kama itaelea. Tena, kwa kuwa ndege imeketi kwa mkia, maji mengine hujificha kwenye kona ya nyuma ya tangi isiyofikiwa na bomba la kutolea. Mzee sasa hutoa, huinua mkia hadi ndege ikae sawa, hutikisa mabawa, husubiri, kisha hutoa tena.

Mirija ya hewa, mrija wa kupimia mwendo na tundu za pembeni za kupimia msukumo wa hewa, vyote sasa vina vifuniko vya kitambaa vyenye utepe mwekundu wa urefu wa mkono. Urefu huo una sababu. Tarehe 6 Februari 1996 ndege ya Birgenair ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, wakafa watu 189. Wachunguzi walishuku kiota cha nyigu ndani ya mrija wa kupimia mwendo, kwa kuwa ndege ilikaa chini siku nyingi, na mirija hiyo ikaachwa bila vifuniko. Miezi minane baadaye, tarehe 2 Oktoba, ndege ya Aeroperú iliyoruka kutoka Lima ilianguka na watu 70, kwa sababu tepu iliyobandikwa kwenye tundu za kupimia hewa wakati wa kuosha haikubanduliwa. Ya kwanza ilikosa kifuniko, ya pili ilisahauliwa kifuniko. Kwa hiyo kijana wa ulinzi amepewa hesabu: vifuniko ni 5, na rubani hapandi kabla kijana hajamwonyesha vyote 5 mkononi.

Jagi linasoma nini sasa

Kazi iliisha wiki ya kwanza ya Februari. Jumamosi ya kwanza baada ya hapo, na kulikuwa na mvua tatu nzito wiki ile, tulifungua kifuniko cha mkiani tukakuta bati lenye unyevu, hakuna cha kupima. Machi nzima kiasi kikubwa kilikuwa mililita 60, siku upepo ulipogeuka na mvua ikatoka ubavuni. Tulirudia jaribio la glovu. Ilikaa saa nzima juani vidole vikining'inia, kwa kuwa hewa sasa ina pa kupita chini. Mzee aliifunga ile glovu kwenye kitabu cha ndege kwa stepla.

Maji bado yanaingia kidogo, ukiangalia wakati mvua inapiga. Yanaingia, yanashuka, yanatoka kwenye kona za nyuma, matone yanafuatana chini ya tumbo la ndege kama chini ya paa la nyasi. Mwanzoni nilishindwa kuyatazama bila kutaka kushika silikoni.

Ndege imeruka mara nne tangu mwisho wa Februari, kila mara ikipimwa mkia kwanza kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza asali. Kilichobaki ni bawaba ya mlango wa kushoto, ambako mstari wa chaki bado unaonyesha njia nyembamba ya maji hadi chini ya kiti. Mpira wake tumeshaukata. Unahitaji bati kavu kwa siku tatu mfululizo ili gundi ishike, kwa hiyo tumeuweka hadi Mei.